Sauti ya Sara Kwenye Redio ya Upepo

Jumamosi ya masika, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Saa ya ukutani ilikuwa mbele ya macho yangu, kwa hiyo usinibishie. Hapo ndipo lilipoanza hili ninalokueleza, na lilinitokea mimi mwenyewe, sebuleni kwetu Kijenge, nikiwa nimevaa sweta la shule, miguu peku, sijalala wala sina homa. Anayesema niliota akamuulize baba yangu. Yeye alikuwa ng'ambo ya maji, mimi nilikuwa kwenye kiti, na sote wawili tulisikia kitu kimoja.

Kwanza nikueleze redio yenyewe.

Miaka ile mambo yalikuwa yamefunguliwa, ruksa kila kitu. Kila mwenye Landrova iliyoweza kuwaka aliandika maneno ya Kizungu mlangoni akaanza kupeleka wageni kuangalia wanyama na milima. Mjomba wangu alikuwa nazo mbili. Alipopata watu wa kuaminika akanunua na redio za upepo, zile za kuongea gari kwa gari, na moja kubwa ya kituo. Kituo kikawa nyumbani kwetu kwa sababu tupo kwenye mwinuko. Mlingoti wa antena ulisimama kando ya banda la kuku, na redio ikakaa sebuleni juu ya meza ya chuma.

Si ya kupigia soga ile. Barabara zetu ukiacha lami ni vumbi kiangazi na utelezi masika, na Mlima Meru ukishanyeshewa huko juu, makorongo huku chini hujaa hata kama kwako jua linawaka. Kwa hiyo madereva walionyana: hapa lori limelala, pale kuna kundi la ng'ombe, kule tope limekula nusu ya njia. Dereva akisema jambo, kituo hulirudia ili mwingine naye asikie. Na penye korongo kulikuwa na desturi. Gari la kwanza likivuka haliondoki. Linageuka, linatazama lilikotoka, linawasha taa mara tatu: njoo. Dereva anasema redioni maji yamemfika wapi, kwenye goti au kwenye kiuno. La pili linajibu kwa taa mara mbili, ndipo linaingia. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote, lakini dereva aliyevuka akaenda zake alikuwa hasalimiwi.

Kila gari lilikuwa na jina lake la hewani. Ya mjomba yalikuwa Tai na Kanga. Na hapo ndipo mjomba alipokosea.

Tai wa kwanza alikuwa gari la Mzee Naftali. Alikuwa mtu mwema, mfukoni mwake karanga hazikukosekana, na kila alipopita kwetu alinimiminia kiganjani bila kuniuliza kwa nini sisemi. Akiwa njiani, mahali pakipitika, alikuwa na msemo wake mwenyewe: "Njia nyeupe kama maziwa." Hakuna dereva mwingine aliyesema hivyo. Masika ya mwaka uliotangulia, kwenye korongo moja upande wa Oldonyo Sambu, mtu alimpa habari kwamba panavukika. Kumbe habari ilikuwa ya asubuhi, na yeye alifika jioni. Maji yakamchukua na gari lake.

Madereva wana lao: jina la gari lililokufa na mtu wake halipewi gari jingine. Linaachwa liende naye. Lakini mjomba aliona usumbufu. Kibali cha redio kilitaja Tai na Kanga, basi gari jipya lilipokuja likaitwa Tai, akapewa baba yangu. Namkumbuka Saidi, dereva wa Kanga, alivyosimama uani kwetu akifuta mikono kwa tambara.

"Bosi, jina lile muachie mwenyewe. Utaita mmoja, wataitika wawili."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Saidi, nimekuajiri dereva au mganga?"

Sasa Sara. Nitasema ukweli wote, hata kama utaniona mbaya.

Sara ni mtoto wa baba mkubwa. Alitoka Tengeru baada ya kumaliza kidato cha nne, akaja kukaa kwetu, na siku hiyo hiyo akapewa kiti cha redio. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Redio ile nilikuwa nimeishi nayo tangu ilipofungwa. Nilijua kila mlio wake, nilijua dereva gani anapumua vipi kabla hajasema. Ila sikuwa na sauti. Si kwamba ni bubu, hapana. Nyumbani naongea, taratibu. Lakini mbele ya watu koo langu hujifunga kama mdomo wa gunia. Mwalimu akinisimamisha darasani natoka jasho, nakaa, wenzangu wanacheka. Mara moja nilijaribu kushika kipaza cha redio. Nilibonyeza kitufe, nikasikia hewa inanisubiri, nikakiachia.

Yeye Sara anaimba kwaya. Sauti yake ni nzito kidogo halafu tamu, inakaa sikioni. Madereva waliita kituo bila sababu ili wamsikie tu. Saidi alimletea maparachichi makubwa yaliyochaguliwa, akinipita ananiambia, "Bubu, mpelekee dada yako." Mama alimshonea gauni kwa kitambaa kilichokuwa kimewekwa kwenye sanduku tangu sijazaliwa, kitambaa ambacho kila Krismasi nilikuwa nakichungulia.

Hayo yote ningeyameza. La baba ndilo lililonikwama.

Baba nyumbani ni mtu wa maneno machache. Anakula, anauliza kama maji ya kuoga yamepata moto, analala. Lakini redioni alikuwa mtu mwingine kabisa! Anacheka, anatania. "Kituo, Kituo, Tai hapa. Umeshakula, mwanangu? Ova." Mwanangu. Na Sara anajibu, "Nimekula, Baba, na chako nimekufunikia. Ova." Mimi ndiye niliyepika. Mimi ndiye niliyefunika. Nimesimama nyuma ya pazia na mwiko mkononi, naitika moyoni. Hivi wewe umewahi kusikia neno lako linaitwa, ukafungua kinywa, mwingine akaitika kabla yako? Kama hujawahi, basi namshukuru Mungu kwa niaba yako.

Kitu kimoja tu kilibaki changu na baba. Lango. Nilipokuwa mdogo nusura anigonge. Lango letu la bati linafunguka kwa nje, nami nilikuwa nimejibanza nyuma yake akisogeza gari. Tangu siku hiyo tukawa na utaratibu. Akifika anapiga honi fupi mara moja. Mimi nagonga bati kwa komeo: ko, nanyamaza, ko-ko. Maana yake niko salama, nafungua. Asiposikia hivyo, gari halisogei hata inchi, hata mvua inyeshe vipi. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo. Tulikuwa tunalifanya tu, na Sara hakulijua, na nilifurahi kwamba hakulijua.

Haya. Turudi Jumamosi.

Baba na Saidi walikuwa wamepeleka wageni kambini huko huko Oldonyo Sambu. Mchana mgeni mmoja akashikwa na homa kali, Saidi akamwahisha hospitali kwa Kanga. Sara naye alikuwa ameondoka tangu saa nane kwenda Tengeru, kwaya yao ilialikwa kuimba kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Alivaa lile gauni. Akajizungusha sebuleni, akanikabidhi kiti.

"Bubu wangu, nishikie redio. Leo hakuna safari ndefu. Wakikuita, wewe bonyeza tu uwapumulie, watajua ni wewe!"

Akaondoka akicheka. Hakucheka kwa ubaya, nakiri, na hilo nalo liliniudhi.

Jioni Saidi akapita. Hakuzima hata gari, alitokeza kichwa dirishani kwetu.

"Bubu! Mwambie Mzee asitoke kambini leo. Mimi nimevuka lile korongo maji yakiwa kwenye goti, lakini mlimani kumefunga, kweusi ti. Yanashuka sasa hivi. Redio ya gari huku chini haimfikii, kituo ndicho kinamfikia. Alale huko huko. Umenisikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sema, umenisikia?"

"Nimesikia," nikanong'ona.

"Narudi hospitali, mgeni anamtaka mtu wa kumtafsiria. Usisahau!"

Nikabaki na ujumbe kifuani kama kaa la moto. Nikajiambia, Sara atarudi sasa hivi, atasema yeye. Baba kwanza hajaita, maana yake bado yuko kambini. Nikawasha taa. Nikakaa. Mama alikuwa kwa jirani aliyejifungua. Nje mvua ilianza kudondoka juu ya bati, moja moja.

Ndipo redio ikakwaruza, na mimi nikatazama saa.

"Kituo, Kituo, Tai hapa. Niko ukingoni mwa korongo. Simuoni Kanga ng'ambo. Nipe habari ya maji. Ova."

Kumbe alishatoka kambini. Nikakamata kipaza kwa mikono miwili. Nikafungua mdomo. Kabla kidole hakijabonyeza, redio ikajibu.

"Tai, Kituo hapa. Nakupata vizuri, Baba. Ova."

Ilikuwa sauti ya Sara.

Nataka unielewe hapa. Sikuogopa. Kitu cha kwanza kilichonipanda hakikuwa woga, kilikuwa wivu. Nilijua kabisa kwamba kule Tengeru amepata gari lenye redio, amekaa na gauni lake, na hata leo, siku moja tu ambayo kiti ni changu, ameninyang'anya. Niliiuma midomo yangu. Nilitaka kuitupa ile redio chini.

"Ah, mwanangu upo," akasema baba, nikasikia uso wake unavyofunguka. "Haya nipe habari. Kanga kapita hapa saa ngapi?"

"Kanga yupo ng'ambo anakusubiri, Baba. Tazama taa zake."

Nikashtuka. Saidi yuko hospitali. Nimemwona kwa macho yangu.

"Naam, naziona," baba akasema. "Tatu. Lakini mbona taa yake moja imekuwa ya njano? Asubuhi zote zilikuwa nyeupe."

"Tope, Baba. Vuka tu. Njia nyeupe kama maziwa."

Nywele zangu zilisimama mpaka kisogoni. Taa moja ya njano! Ni gari la Mzee Naftali lililokuwa na taa ya kushoto ya njano, alibadilisha kioo akakosa cheupe. Na msemo ule Sara hajawahi kuusikia. Yeye alikuja kwetu Naftali ameshafariki.

Nikabonyeza.

"Baba, usivuke."

Sauti yangu ilitoka nyembamba, imepasuka katikati. Kisha baba, kwa ukali ule wa barabarani:

"Nani huyo? Toka kwenye upepo tafadhali, tuko kazini."

"Ni mtoto wa jirani, Baba," ikasema sauti ya Sara, kwa upole, na kicheko kidogo ndani yake. "Kaingia anachezea redio. Nitamfukuza. Wewe vuka."

"Ni mimi! Baba, ni mimi!"

"Mimi nani?"

Nikataja jina langu. Sikiliza alivyonijibu, maneno haya nitazikwa nayo.

"Binti yule haongei redioni. Sauti hiyo siijui."

Siijui! Miaka yangu yote chini ya paa lake. Lakini atalaumiwa vipi? Alikuwa ananisikia nikinong'ona shikamoo, nikinong'ona chakula tayari. Hakuwahi kunisikia nikipiga kelele. Nikajaribu tena, na redio zile ndivyo zilivyo, mmoja akishika kitufe wengine wote ni wasikilizaji. Sauti ya Sara ilikuwa imeshika. Ilikuwa inaimba! Taratibu, kibwagizo cha kwaya yao, kama anayemwongoza mtu usingizini. Ilipoachia, baba akabonyeza kusema anaingia, nikasikia injini yake. Alikuwa ametia gia nzito. Mlio ule naujua, ni wa gari linalonusa maji.

Nikawaza kwa haraka ambayo sijawahi kuwaza darasani. Kila lililopita kwenye upepo, kile kitu kinalo. Sauti ya Sara kinayo, inapita hapo kutwa nzima. Maneno yangu sasa hivi hayana thamani, yanafanana na maneno ya yeyote. Nina nini mimi ambacho hakijawahi kupita hapa?

Nikabonyeza kitufe nikakishikilia, nikagonga kipaza kwenye mguu wa chuma wa meza.

Ko.

Ko-ko.

Nikaachia. Baba akabonyeza, injini inanguruma. Kisha ikashuka. Nikasikia breki, nikasikia watu wanaserereka kwenye viti, mgeni mmoja anauliza kitu kwa Kizungu.

"Rudia," akasema baba. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Ko. Ko-ko.

Na unajua alinijibu nini? Hakusema neno. Alibonyeza honi, fupi, mara moja, kama anavyofanya langoni kwetu. Nililia hapo hapo.

"Mwanangu," akasema. "Nisogee?"

"Usisogee, Baba. Rudi nyuma. Saidi yuko hospitali. Sara yuko Tengeru. Hapa kituoni niko peke yangu. Rudi nyuma!"

Sikusikia jibu lake. Lilisikika jambo jingine. Ile sauti ya Sara ilirudi, ikaanza kusema "Baba", na katikati ya neno ikazama, ikawa nzito, ikawa ya mwanamume, ya mtu ambaye kifua chake kina maji.

"Tai ni mimi," ikasema. "Mnaniita kila siku, naitika, hamnijibu. Tai ni mimi. Nirudishieni jina langu."

Naapa kwa Mungu, kwa sekunde ile nilimhurumia. Mtu mwema yule, wa karanga. Kulala chini ya mawe ya korongo, ukasikia jina lako linaitwa hewani asubuhi na jioni, na mwingine anaitika kwa kicheko? Nani asingegeuka mbaya? Niliuelewa wivu ule kama ninavyouelewa wangu. Ndiyo sababu nauogopa.

Kisha redio ikaleta mngurumo. Nilidhani ni radi, haikuwa radi. Baba alikuwa amesahau kidole kwenye kitufe, na nilisikia mlima ukishuka: maji, mawe, miti, vyote kwa pamoja, pale pale mbele ya gari lake. Wageni walipiga kelele. Taa za ng'ambo, baba aliniambia baadaye, hazikuzimika kama taa zinavyozimika. Ziliteremka taratibu, kama gari linaloinamisha pua, zikaingia majini zikiwa bado zinawaka, ile ya njano ikawa ya mwisho.

Mambo ya baadaye nayasema kwa ufupi. Baba alirudi kambini, akakesha kwenye usukani. Mama aliporudi alinikuta nimekumbatia kipaza, akaninyang'anya, akanipa chai ya tangawizi. Sara aliletwa na gari la wanakwaya, anacheka tangu nje, mikono imejaa keki ya sherehe. Nilipomweleza akaniambia, "Acha hizo, unataka kuniondoa kwenye kiti." Nikamwimbia kile kibwagizo. Keki ilimdondoka. Saa ile ile walikuwa wanakiimba, alisema, na katikati ya wimbo sauti yake ilikauka ghafla, ikabidi akae chini, wenzake wakadhani ni vumbi.

Saidi alikwenda kulipokucha, akamsubiri baba ng'ambo mpaka maji yakapungua, akamvusha kwa desturi. Anasema upande ule hapakuwa na alama ya tairi lolote ila zake mwenyewe za jana. Mjomba hakucheka safari hii. Alienda kubadilisha kibali, na gari la baba likapewa jina jingine. Tai haitwi tena na mtu yeyote wa kwetu.

Lakini jambo halikuisha. Jioni ile na mimi niliongea hewani, si ndiyo? Basi sauti yangu nayo imechukuliwa. Masika, giza likianza kuingia, kama redio iko wazi na hakuna anayesema, mara nyingine husikika msichana, sauti nyembamba, imepasuka katikati. "Baba," anaita. "Ni mimi, Baba." Madereva wa kwetu huzima. Mimi hutoka nje nikakaa kwenye banda la kuku mpaka ipite, maana hakuna kinachotisha kama kujisikia unaita mahali ambapo hupo.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una gari na hivi vyombo vya kuongea njiani, vizuri, vinaokoa watu, navisifu. Lakini usivuke kwa sababu umesikia sauti unayoipenda. Sauti huchukuliwa. Sauti unayoipenda ndiyo huchukuliwa kwanza. Muombe anayekuita jambo ambalo hajawahi kulipitisha kwenye upepo. Akishindwa, lala ulipo, hata kama ng'ambo unaziona taa. Na jina la marehemu, jamani, muachieni mwenyewe.

Nimeiruka asubuhi yenyewe. Niimalize.

Jumapili, watu wanatoka ibada ya kwanza, honi ililia nje. Fupi, mara moja. Nikagonga bati kwa komeo: ko, ko-ko. Gari likasogea. Baba akashuka amejaa tope mpaka mabegani, mimi nimesimama pale na lango mkononi, nimekesha nikimngoja usiku kucha, na unajua neno lake la kwanza lilikuwa lipi?

"Sara yuko wapi?"

Nakuambia ukweli, nilitamani maji yangenichukua mimi. Sara akatoka mbio, baba akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, akamtazama machoni. "U mzima," akasema. "Nilijua nitakuta msiba. Nilijua kimekuchukua wewe, halafu ndipo kikachukua sauti." Akashusha pumzi. Halafu akanigeukia. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Njoo hapa, mwanangu," akasema. Mimi. Mbele ya Sara.

Nikaenda. Akaweka mkono wake wenye tope juu ya sweta langu, na mama hakulifua sweta hilo kwa wiki nzima, nilimkatalia.

"Mfundishe dada yako kugonga," baba akasema. "Ndiye anayekaa redioni. Nikiwa njiani nataka nisikie ile ko, ko-ko, nijue ni watu wangu."

Sara alikuwa tayari ameinua kidole, anatabasamu, anangoja kufundishwa. Sikuwa na ugomvi naye tena, naapa. Lakini nilihisi mkono wangu unalikaza komeo.

"Hapana," nikasema. Kwa sauti. Kuku walikimbia.

Wote wakanitazama.

"Ile imeshapita kwenye upepo mara mbili," nikasema. "Kile kitu kimeisikia. Isitumike tena redioni. Sara tumtafutie ya kwake, na Saidi ya kwake, mbadilishe kila safari, mpatane hapa hapa langoni kabla ya kuondoka. Ile ya zamani isiende hewani tena. Ibaki hapa."

Saidi, aliyekuwa ameshika ndoo ya kuoshea gari, akapiga mluzi. "Heee! Bubu kafunguka."

Baba akafikiri. "Ana akili," akasema. "Ndivyo itakavyokuwa."

Niliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na mpaka leo madereva wetu wanaufuata utaratibu ule. Lakini hiyo haikuwa sababu yangu.

Baba nadhani alijua. Alipokuwa anapita kwenda kuoga, aligonga bati la lango kwa kifundo cha kidole, kidogo tu, bila kugeuka. Nikamfundisha Sara ya kwake, mbili na mbili. Kisha nikafunga lango, nikalirudisha komeo mahali pake.